Kilima cha Ekal

Siku mliyoniaga nikistaafu mlisema mengi, na moja lilinikwama kooni pamoja na keki. Mlisema mimi na Ekal tulikuwa pete na kidole. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wanapiga picha. Sasa niko nyumbani, miguu nimeiweka juu ya stuli, hakuna wa kunipiga picha, kwa hiyo wacha niseme ukweli. Nilimwonea Ekal gere tangu asubuhi ya kwanza alipoingia maabara yetu hapa Lodwar, na mpaka leo sijapona. Naimba kwaya, nafunga, natoa sadaka, na wivu uko palepale.

Vyeo na mishahara sitavigusa, hayo waulizeni wahasibu. Nitawaeleza kazi yenyewe, maana baadhi yenu mlijiunga juzi na bado mnaogopa kuuliza.

Nilitoka Taita nikiwa binti mwenye sanduku la bati na sweta mbili. Sweta, Lodwar! Mama alikuwa ameambiwa ni mbali, naye akadhani mbali maana yake baridi. Moja nilimpa mlinzi wa hospitali, akaifanya mto. Ya pili ilikuja kupata kazi baadaye, nitawaambia. Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya darubini: malaria, kalazaa, makohozi, jasho likidondoka kwenye lenzi. Nilijifunza kusalimu kwa Kiturkana, kusema ejok na kujibiwa, nilijifunza kunywa chai ya rangi wakati wa joto, nikajifunza kuwa mtu akisafiri kwenda Kitale hapa husema anaenda Kenya. Niliolewa, nikazaa, nikawa Mama Mwakio. Kisha akaja Dakta Atieno.

Dakta Atieno alikuwa mkemia, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipewa chumba kimoja nyuma ya maabara ya hospitali, akachagua mtu mmoja wa kufanya naye kazi, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitembea Lodwar nzima kidevu juu. Alitaka tupime kemikali za neva hapahapa Turkana. Mashine kubwa za kazi hiyo ziko Nairobi, na mkojo hausafiri vizuri kwenda Nairobi, kwani joto la njiani humaliza kile unachokitafuta.

Neva hupashana habari kwa kemikali. Dopamini ni mojawapo, na ina ndugu zake wa karibu, wale wanaoukimbiza moyo wako ukikanyaga nyoka. Zikizidi, mtu anaugua, na mara nyingi haonekani anaugua nini. Sehemu yake hutoka kwenye mkojo. Ukitumbukiza elektrodi, kile kijiti cha kupitishia umeme, ndani na kupandisha umeme kidogo kidogo, dopamini inaachia elektroni zake, na mashine inachora mstari unaopanda na kushuka. Mpando huo ndio tunauita kilima. Kilima kirefu, dopamini nyingi.

Shida ni kwamba mkojo una vitu vingine vinavyopanda mahali palepale, hasa vitamini C na asidi ya uriki. Kwenye elektrodi tupu vyote vitatu vinaungana kuwa nundu moja, hujui nani ni nani. Ndipo inapoingia ile rojo nyeusi mnayoilalamikia kwamba inachafua makoti. Ina grafini, yaani kaboni nyembamba kupindukia, ina chembechembe za dhahabu ambazo hata darubini yetu haizioni, na ina gundi ya kitosani inayotokana na maganda ya kamba wa baharini. Unadondosha tone moja juu ya kile kijiduara cheusi cha elektrodi kisichozidi punje ya dengu, linakauka, na ukipima tena vilima vinasimama vitatu, kila kimoja na nafasi yake. Nilipoviona kwa mara ya kwanza nilipiga kigelegele, Dakta akaniambia hapa si harusini.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo alinipa elektrodi, kitambaa chenye manyoya na unga mweupe, akanifundisha kuisugua kwa kuzungusha mkono kama unaandika nane. Nilisugua asubuhi nzima.

"Umesugua?"

"Nimesugua, Dakta."

Akaigeuza kwenye mwanga. "Umesugua au umepapasa? Rudia."

Hakuwa mtu wa kusifu. Ukikosea alisema, ukipatia alinyamaza. Nilijifunza kuufurahia ukimya wake. Kuna wiki nilinyamaziwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, nikarudi nyumbani nikiimba. Feni niliizima mwenyewe kila tulipodondosha tone, maana hupeperusha vumbi. Jenereta ikikohoa nilisimamisha upimaji. Na ile sweta ya pili niliifanya kifuniko cha mashine, kwa sababu vumbi la Lodwar halibishi hodi. Mashine iliishi, na mafundi wa Nairobi wakashangaa.

Halafu akaja Ekal.

Aliingia na shati lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali, diploma yake ya Eldoret iko kwenye bahasha, anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Ni mtu wa Kalokol, kule kwenye ghuba ya Ferguson, mama yake akianika samaki. Hakubisha hodi.

"Ejok, mama! Nani hapa ndio fundi? Mimi nimekuja kumsaidia apumzike."

Apumzike! Nilikuwa bado sijafika miaka arobaini. Nikampa elektrodi, kitambaa na unga, nikamwambia asugue, nikakaa kungojea Dakta aje amuulize kama amepapasa. Ekal akasugua huku akipiga mluzi, akadondosha tone lake, akalifunika kwa glasi ya chai, akaenda kusalimia watu wa uhasibu. Aliporudi akapima. Haki ya Mungu, kilikuwa kilima. Kirefu, chembamba, kimenyooka, na vile vingine viwili vimekaa kando kwa adabu. Changu cha siku hiyohiyo kilikuwa kifupi na kimelalia upande mmoja, na hicho ndicho nilichokuwa nikikionea fahari.

Dakta Atieno alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Akasema, "Aha."

Aha! Miaka yote mimi nalishwa ukimya, na huyu kijana kabla ya chakula cha mchana amepewa Aha. Siku hiyo ugali ulinishinda.

Tangu hapo nilimchunguza. Nilisugua alivyosugua. Nilitumia rojo kutoka chupa ileile, bomba lilelile la kudondoshea, nami nikafunika tone langu kwa glasi ya chai. Hata mluzi nilijaribu siku moja akiwa hayupo, msinicheke. Vyake vilisimama, vyangu vililala. Siku moja moja changu kilitoka kizuri, hasa zile siku chache za mvua, nikajiambia sasa nimeweza, na jua likirudi kinalala tena. Ilibidi tupime pia mikojo ya watu wazima wa afya ili tuwe na cha kulinganisha, na wa kwanza kujitolea tukawa sisi wenyewe. Hata mkojo wake ulikuwa na kilima kizuri kuliko wangu. Nikaona sasa Mungu ananitania.

Kumuuliza? Ng'o. Mtu aliyekuja kunipumzisha nimuulize! Nilikuwa tayari kufa bila kujua.

Lakini kijicho kina kazi yake, na hapa ndipo nataka msikilize. Kwa kuwa nilitamani Ekal akosee, sikumpitishia kitu. Nilikagua vipimo vyake vyote. Nilinusa chupa zake kama zimetiwa asidi, maana sampuli isiyotiwa asidi inageuka rangi na dopamini inaisha. Niliuliza kila mkojo umetoka wapi, saa ngapi, umelala kwenye barafu au juani. Naye akaanza kukagua vyangu, kwa kulipiza. "Mama Mwakio, hii maji umesafisha nayo ni ya mfereji ama ya kuchemshwa kwa mashine? Mimi naona chumvi." Tulikuwa wabishi hivyo kwa miaka, na Dakta akikaa katikati anakunywa chai yake. Watu wakidhani tunapendana.

Sasa Furaha.

Furaha alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, Mkongo, bado kijana. Alikuwa na jambo lililokuwa likimjia ghafla: moyo unakwenda mbio, kichwa kinapasuka, jasho linalowesha nguo, anaanguka mbele ya watoto. Baada ya muda mfupi linaondoka, anainuka, anaomba msamaha. Akifika kliniki presha yake imeshashuka, haonekani na kitu. Walimwambia ni mawazo ya vita, wakampa dawa za kulala. Majirani wengine walisema ni pepo. Wengine walisema mambo mabaya zaidi, kwamba anajiangusha ili wazungu wamwonee huruma wampeleke ng'ambo.

Daktari wa kliniki, kijana mwangalifu, alikuwa na wazo lingine. Alishuku uvimbe juu ya figo, ule unaomwaga kemikali za neva kwenye damu bila mpango. Ni ugonjwa adimu, na usipotibiwa mshipa unaweza kupasuka siku moja, basi. Kumpeleka Furaha hospitali kubwa huko Kenya kulihitaji idhini ya wakubwa wa kambi, na waliotoa idhini walitaka sababu. Jina lake lilikuwa limerudishwa mara mbili. Daktari akatuletea chupa ya mkojo wake kwenye kulaboksi ya barafu, akasema kama kipimo chetu kitaonyesha kitu, hata kama ni cha utafiti tu, kitamsaidia kuwashawishi. Kama hakuna kitu, hatakuwa na la kusema tena.

Ekal alipima. Kilima kilipanda mpaka ikabidi apunguze kipimo cha chati ili kionekane chote. Chumba kizima kilisimama kutazama. Barua ya kuomba idhini ikaandikwa siku hiyohiyo, Ekal akipiga mluzi kama jogoo aliyeona alfajiri.

Mimi roho iliniuma. Sitasema uongo kwamba nilikuwa nikimfikiria mgonjwa. Nilikuwa nikifikiria jinsi watakavyolitaja jina la Ekal kutoka Kakuma mpaka Nakalale. Nikamwendea Dakta Atieno kabla hajatia sahihi.

"Kilima kile ni kirefu mno," nikamwambia. "Kimezidi. Hatujui mgonjwa alikula nini."

Akanitazama juu ya miwani. "Mama Mwakio, una ushahidi au una wivu?"

"Nina wivu, Dakta. Ushahidi nipe gari nikautafute."

Akacheka, mara moja tu nilimwona akicheka, akanipa gari.

Nilifika Kakuma jua likiwa wima. Nyumba ya Furaha ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, paa la mabati, ndani pamefagiliwa hadi unaona alama za ufagio. Alikuwa amelala kwenye mkeka, akanyanyuka kunipa kiti. Na pale pembeni, juu ya sanduku, nikaziona. Ndizi. Mikungu kwa mikungu, mbivu, nyingine zimeanza madoa. Mimi ni mtu wa Taita, nimekulia migombani. Ndizi nyingi namna ile kwenye chumba kimoja Kakuma sijawahi kuona.

"Nani amekuletea hizi zote?"

"Bamama ba kanisa, mama. Kila siku banakuja kunisalimia. Mtu mugonjwa, unamuletea nini? Ndizi. Banasema inaleta nguvu. Na miye, chakula ingine inakataa tumboni. Ninakulaka ndizi tu."

Nilikaribia kumkumbatia kwa furaha. Ndizi, kama hamjui, imejaa dopamini. Mtu akiishi kwa ndizi, mkojo wake unaweza kutoa kilima ambacho hakina uhusiano wowote na ugonjwa. Wale akina mama wema walikuwa wamemlisha kipimo chetu kwa mikono yao, na Ekal alikuwa amepima mikungu ya ndizi kutoka Kitale! Nikaona picha yote: Ekal anasimama, mluzi umekatika, nami nimekaa kimya kwa upole.

Nikamwambia Furaha asile ndizi tena, hata moja, mpaka nirudi. Hakuna ndizi, hakuna kahawa. Nikaenda kwa akina mama wa kanisa nikawaeleza, mmoja akauliza sasa wamletee nini, nikasema uji, wakatazamana kama nimetukana. Mgonjwa anapelekewa uji?

Niliporudi kuaga, Furaha alikuwa amekaa, mikono kwenye mapaja.

"Mama, na kama kile kilima kinaanguka?"

"Kikianguka ni vizuri. Maana yake huna uvimbe."

Alitikisa kichwa. "Hapana. Minajua mwili yangu. Kikianguka, maana yake minajiangusha mwenyewe, vile banasema. Hata watoto ba shule batasema mwalimu ni muongo. Afazali uvimbe."

Nilipanda gari. Njia yote ya kurudi Lodwar nilikuwa natazama mbuzi wakivuka barabara, na ile picha ya Ekal bila mluzi haikunipa raha niliyoitarajia.

Barua ilisimamishwa. Ekal alikubali hoja ya ndizi bila ubishi, jambo ambalo lilinikera, akasema tu, "Hiyo umeshika kweli." Sampuli mpya ikaja, imetiwa asidi, imelala kwenye barafu. Dakta Atieno akaamua ipimwe na mikono miwili, kila mtu na elektrodi aliyoitengeneza mwenyewe, bila kuonyeshana, kwa sababu waliotoa idhini sasa walikuwa wamesikia habari ya ndizi na hawangekubali mkono mmoja. Wao wenyewe walikuwa wakikutana wiki hiyohiyo.

Na hapo nikakwama. Ilikuwa kiangazi, hewa kavu ya kupasua midomo. Nilitengeneza elektrodi, nikapima, vilima vitatu vikaungana vikawa nundu. Nikatengeneza nyingine, nundu. Nyingine, nundu. Dopamini ya Furaha ilikuwa mle ndani ya nundu mahali fulani, pamoja na vitamini C, na mimi siwezi kuitoa. Matokeo ya Ekal yalikuwa yameshakunjwa kwenye bahasha. Sampuli kwenye friji inazidi kupungua, na umeme ulikuwa umeanza tabia zake. Mkono mmoja hautoshi, Dakta alishasema. Bila mimi Furaha anarudishwa mara ya tatu, na safari hii ni kwa sababu yangu, niliyesimamisha barua.

Nilikaa mbele ya ile nundu nikasikia sauti ya Furaha: afazali uvimbe. Nikainuka. Msidhani ilikuwa rahisi. Kutoka meza yangu mpaka meza ya Ekal hapafiki mahali pa kulaza mtu, lakini ningeweza kwenda Lokichar kwa miguu haraka zaidi.

"Ekal."

"Mama."

"Tone lako unalikausha vipi?"

Akaacha kuandika. Akanitazama kama nimemuuliza jina lake. "Mama Mwakio, hujui? Si ile pamba!"

"Pamba gani?"

Akainua glasi yake ya chai. Ndani, pembeni mwa elektrodi, kulikuwa na kipande cha pamba kilicholoweshwa maji. Nilikuwa nimekiona kipande hicho kila siku ya Mungu, nikidhani ni cha kufutia.

"Hapa kwetu hewa ni mbaya," akasema. "Maelekezo ya Dakta ilitoka Nairobi, huko hewa iko na maji. Hapa tone inakauka haraka, dhahabu yote inakimbilia ukingoni, katikati inabaki tupu. Samaki ya ghuba ni hivyo hivyo. Ukianika kwa upepo moja kwa moja, juu inakuwa ngumu kama kiatu, ndani inaoza. Mama yangu analowesha mkeka, anafunika kwanza, ikauke polepole. Sasa hii tone ni samaki tu."

"Na miaka yote hii hukuniambia!"

"Hukuuliza! Na vile unaniangalia kila siku, mimi nikasema huyu mama amenisoma mpaka pamba." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Wewe ulidhani ni dawa?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Ndio maana siku za mvua changu kilisimama! Nilichukua pamba nikailowesha, nikafunika tone langu, nikakaa nikilitazama likikauka polepole, jeusi, sawasawa mpaka katikati, bila pete ukingoni. Nikaitumbukiza elektrodi kwenye mkojo wa Furaha. Mstari ukaanza kutambaa. Kilima cha kwanza kidogo, hicho ni vitamini C. Kisha ukapanda. Ukapanda, ukapanda, mwembamba, umenyooka, wa kwangu mimi, kilima ambacho sikuwahi kukifanya maishani. Nilikuwa nimeondoka nyumbani asubuhi nikitaka kiwe kifupi. Sasa nilikuwa nimeshika ukingo wa meza nasema kwa sauti, panda, panda tu.

Kilikuwa kifupi kuliko kile cha kwanza cha Ekal, kwa sababu ndizi zilikuwa zimeondoka. Lakini kilikuwa mbali sana juu ya changu, cha Ekal na cha mtu yeyote mwenye afya tuliyewahi kumpima. Dakta Atieno alifungua bahasha, akaweka karatasi ya Ekal juu ya yangu, akazielekeza zote mbili dirishani. Mistari ilikaa mmoja juu ya mwingine.

"Aha," akasema.

Hakusema anamwambia nani. Nikaichukua.

Barua ilikwenda, idhini ikatoka, Furaha akapelekwa Kenya. Huko walimpima kwa mashine zao kubwa wakauona uvimbe wenyewe, wakautoa. Sisi hatukumponya. Tulifungua mlango tu, na mlango wenyewe ulikuwa mdogo.

Ilipita miezi, nikiwa nasafisha chupa, nikasikia hodi. Furaha, amenenepa, amevaa kitenge kipya, nyuma yake wawili wa wale akina mama wa kanisa. Na mikononi, mnajua alichobeba. Ndizi! Ekal alipiga ukelele mpaka walinzi wakaja.

"Miye natafuta mwenye alinipima," Furaha akasema. "Daktari ya kliniki aliniambia ni bwana moja, anaitwa Ekal."

Basi, nikajiambia, ndiyo hiyo. Nikainama kwenye chupa zangu nikasugua kwa nguvu. Nilishajua atakavyokunja mikono ya shati, atakavyosimulia kilima chake.

"Mimi nilipima ndizi," Ekal akasema. "Huyu ndiye alikupima wewe. Bila yeye barua ingeenda na ndizi ndani, wangetucheka wote, na jina lako lingekuwa limeisha. Mama Mwakio, geuka."

Furaha akanikumbatia na koti langu chafu na yote. Akina mama wakaimba. Nami nikiwa pale katikati, nimekumbatiwa, nashukuriwa, machozi yananitoka, nikamwona Ekal amesimama kando anamenya ndizi, hana hata chembe ya kinyongo usoni, na roho ikaniuma upya. Hata kwa wema alinishinda! Mimi ningekuwa yeye, ningenyamaza.

Dakta Atieno alistaafu akarudi kwao. Tulibaki wawili na sweta, kisha mkaanza kuja ninyi, mmoja mmoja, na simu zenu na Sheng yenu. Ekal aliwafundisha pamba siku ya kwanza kabisa, bure, bila kuulizwa. Mimi niliona ni ufujaji.

Juzi nilipita maabara kuchukua sweta yangu. Hamkuniona, mlikuwa mmekwenda chai, isipokuwa wawili. Ekal alikuwa mezani kwake, mvi zimemjaa, anadondosha tone na kupiga mluzi wimbo uleule. Na wewe, Akiru, ulikuwa umekaa kwenye kiti changu. Karatasi yako ya siku hiyo ilikuwa mbele yako, kilima chako kifupi, kimelalia upande, pamba na yote. Hukunisikia nikiingia. Ulikuwa unamtazama Ekal mikono, hupepesi, kwa jicho lile ninalolijua mimi, midomo umeibana kama mtu aliyeibiwa.

Nilisimama mlangoni. Nikasikia ule mchomo wa siku zote, nikamgeukia Ekal kwa mazoea, lakini safari hii haukutoka kwake. Ulitoka kwako, mwanangu. Una miaka yote hiyo mbele yako, umekaa karibu naye hivyo, unamchukia hivyo.

Niliondoka polepole msinisikie, na sweta nikaiacha palepale juu ya mashine.